Verlyn Haugstad Dhidi ya Daraja Lake

Verlyn Haugstad aliingia kwenye siasa kwa sababu alitoka nje kuchomeka gari lake kwenye umeme. Ilikuwa Februari, baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, na chama kilikuwa kinakutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri la Aldal kuchagua mgombea. Kwa baridi ya namna ile, injini isipopashwa moto kwa umeme inageuka jiwe, na Verlyn, muuza mbegu wa mji ule, hakutaka kulala kanisani. Alizunguka jengo dakika kumi akitafuta soketi inayofanya kazi. Aliporudi ndani, nyusi zimeganda barafu, watu walikuwa wanapiga makofi.

"Nani amefariki?" aliuliza, kwa sababu makofi kanisani kwetu ni jambo la kutisha.

"Hakuna aliyefariki," mwenyekiti akamjibu. "Umekubali kugombea."

"Nimekubali saa ngapi?"

"Hukukataa."

Hakukataa kwa sababu hakuwepo, lakini hoja hiyo haikuwa na uzito. Katika jimbo letu asiyekuwepo ndiye anayepewa kazi. Kwa hiyo mikutano ya hiari hujaa watu kuliko harusi. Verlyn mwenyewe akisimulia kisa hiki huwa anamalizia hivi: "Ningeegesha karibu na mlango, leo ningekuwa mtu wa maana."

Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na mmoja. Nilikwenda jimbo lile kukaa wiki tatu, niandike kitu kuhusu upepo, nikiwa na lugha saba kichwani na koti la mvua begani. Wiki ya pili barabara zikafungwa kwa theluji. Wiki ya tatu pesa zikaisha, na mwenye hoteli akanipeleka kwa Verlyn, aliyekuwa anatafuta mtu wa kumwandikia barua.

"Unajua lugha ngapi?" aliniuliza.

"Saba."

"Ni nyingi hizo. Labda utanifundisha kunyamaza kwa mojawapo."

Tangu siku hiyo akaniita Profesa, jina ambalo huku wanampa mtu ambaye hawezi kubadilisha tairi.

Wakati huo alikwisha kuwa kiongozi wa walio wengi katika Baraza la chini la bunge la jimbo, cheo alichokipata kwa njia ileile ya gari. Bunge letu hukutana mara moja kila baada ya miaka miwili, siku themanini, kuanzia Januari, mwezi ambao mtu mwenye akili timamu hatoki nje. Wabunge ni wakulima, walimu wastaafu, wauza bima, na mmoja anayetengeneza meno ya bandia. Katika kikao cha kwanza cha Verlyn, gari lake ndilo pekee lililokuwa linawaka kila asubuhi pale walipopanga vyumba, kwa sababu alilichomeka. Akawa anawapeleka wenzake bungeni, wanane kwa safari. Ndani ya gari watu husema ukweli, maana wote wanatazama mbele. Ikifika saa mbili asubuhi Verlyn alikuwa anajua nani atapiga kura gani kuhusu kodi, kuhusu bunduki, kuhusu mbwa mwitu. Kiongozi wa wakati ule alipopatwa na ugonjwa wa moyo, chama kilimtafuta mtu anayejua hesabu ya kura. Safari hii Verlyn alikuwepo mkutanoni, ila alikuwa usingizini.

Akashika cheo hicho miaka kumi na minane.

Wasiojua hudhani kiongozi wa Baraza ni mtu wa hotuba. Verlyn alikuwa mzungumzaji mbaya sana; akishika kipaza sauti utadhani anaagiza mbolea kwa simu mbovu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Alikuwa na karatasi yenye majina tisini na manne, na penseli, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwenye korido kuuliza watu wana msimamo gani. Kikao changu cha kwanza nilirudi na majina hamsini na tisa ya waliokubali mswada mmoja wa visima.

"Wamekuambiaje?" Verlyn akauliza.

Nikasoma kwenye daftari. Huyu kasema ni wazo la kufikirisha. Huyu kasema kwa kweli ni tofauti na alivyozoea. Huyu kasema angependa mke wake alisikie.

Akanitazama kwa huruma. "Profesa, hao wote wamekataa. Huyu wa mke amekataa kwa hasira."

Mswada ukapata kura thelathini na moja. Lugha saba zote zilinisaidia kuelewa kwamba nimeshindwa.

Ila kuna jambo moja kuhusu kazi ya Verlyn ambalo lilinichukua miaka kuligundua. Katika miaka kumi na minane jina lake halikuwa juu ya sheria yoyote. Ni mila ya Baraza: kiongozi hubeba miswada ya wenzake, hapeleki wa kwake, asije akaonekana anajipendelea. Aliyepitisha sheria ya maji ana bamba la shaba kwenye bwawa. Aliyefanya nyuki fulani awe mdudu rasmi wa jimbo ana picha ukutani akiwa na nyuki huyo. Verlyn, aliyewatafutia kura wote wawili, alikuwa na kikombe cha kahawa kilichoandikwa jina la kampuni ya mbegu.

Nilimuuliza kama hilo linamkera.

"Mimi ni lango la zizi," akasema. "Umewahi kuona lango likipigwa picha?"

Halafu ikaja habari ya daraja.

Daraja la Aldal ni la chuma, jembamba, linavuka mto kati ya mji na mashamba ya mashariki. Idara ya barabara ilikuwa imetangaza kwamba litafungwa vuli na halitajengwa jingine, kwa sababu watu wa ng'ambo hawafiki mia moja. Njia ya kuzunguka ni maili sitini na mbili. Ng'ambo ndiko wanakotoka watoto kumi na wanne wa shule ya Aldal, na ndiko anakokaa dada yake Verlyn, Ardis Moen, mjane wa miaka sabini na tisa mwenye moyo unaorukaruka, ambaye zahanati yake, kanisa lake na kaka yake viko upande wa huku. Hakukuwa na mswada wa mtu mwingine wa kubeba. Kama Verlyn asingeuleta yeye, hakuna ambaye angeuleta.

Kwa hiyo, katika kikao chake cha tisa kama kiongozi, akavunja mila na kuweka jina lake kwenye mswada wa kurasa mbili wa kuliokoa daraja. Aliuandika upya mara sita. Aliona haya kama mtu anayepeleka posa.

Hesabu ilikuwa ngumu. Ili mswada upite zinatakiwa kura arobaini na nane, na sisi tulikuwa nazo arobaini na nane, hata moja haikuzidi. Wenzetu wengi wa upande wa magharibi hawakuona kwa nini wakulima mia moja wapewe daraja wakati wao barabara zao zina mashimo ya kuzikia ng'ombe. Lakini arobaini na nane zinatosha. Kisha, asubuhi ya siku ambayo mswada ulikuwa unafuata kwenye orodha, theluji ikaja, ng'ombe wakaanza kuzaa, na wabunge wetu wawili wakaondoka alfajiri kurudi mashambani. Wakaacha ujumbe kwamba watarejea kesho.

"Ahirisha," nikamwambia Verlyn. "Wewe ndiye unayepanga orodha."

"Nimewakatalia watu wangapi kuahirisha?"

"Wengi."

"Basi."

"Mzee, ni daraja la dada yako!"

"Ndiyo maana," akasema, na akaanza kuchonga penseli.

Hata hivyo hakuwa na wasiwasi, na hapa lazima nieleze kanuni mbili za Baraza, kwa kifupi kadiri niwezavyo.

Kanuni ya kwanza: kura iliyokwisha kupigwa inaweza kurudiwa, lakini anayeruhusiwa kuomba irudiwe ni mtu aliyekuwa upande ulioshinda, na kwa kila mswada ombi hilo hufanywa mara moja tu. Kwa hiyo kiongozi anayeona mswada wake unaanguka hubadilisha kura yake sekunde za mwisho, anapiga nyekundu dhidi ya kitu anachokipenda, ili kesho awe na haki ya kusimama na kuomba irudiwe. Verlyn alikuwa fundi wa mchezo huo. Wabunge wapya aliwafundisha yeye.

Kanuni ya pili imetokana na ile ya kwanza. Kwa kuwa ombi ni moja tu, aliyeshinda anaweza kulimaliza yeye mwenyewe hapo hapo: anasimama, anaomba kura irudiwe, na papo hapo anaomba ombi lake likataliwe. Baraza linapaza sauti "Siyo!", na mswada unabaki ulivyo mpaka kikao kijacho, miaka miwili baadaye. Wabunge wanauita huo msumari. Kupiga msumari ni kazi ya kiongozi. Verlyn alikuwa amepiga misumari zaidi ya elfu mbili, kila baada ya kura kubwa, na alifikia mahali hakuwa anasikia tena anachosema. Utaratibu wetu ulikuwa huu: ubao wa kura ukifungwa, mimi niliyekaa nyuma yake navuta pindo la koti lake, yeye anasimama, anatamka maneno, anakaa. Mara nyingine alisimama huku anatafuna.

Nadhani msomaji amekwisha kuona tunakoelekea. Sisi hatukuona.

Kura ikapigwa saa nne asubuhi. Taa za ubao zikawaka: kijani arobaini na sita, nyekundu arobaini na sita, na mbili bila rangi za wale waliokuwa kwenye mazizi wameshika miguu ya ndama. Verlyn alitabasamu kidogo. Akanyoosha kidole, akabonyeza nyekundu. Arobaini na tano kwa arobaini na saba. Mswada umeanguka, na yeye yuko upande ulioshinda. Ng'ambo ya ukumbi Denise Charbonneau, kiongozi wa walio wachache, nesi wa vijijini mwenye sauti ya kuamsha mgonjwa, alimwinulia kikombe kana kwamba anasema: vizuri, mzee, tukutane kesho.

Spika akagonga nyundo. Ubao ukafungwa.

Na mkono wangu ukavuta koti.

Sina maelezo mengine. Sikuamua kuvuta. Mkono ulikuwa umevuta koti lile kwa miaka kumi na mmoja kila nyundo ilipogonga, na siku hiyo nyundo iligonga. Verlyn akasimama, kwa sababu koti limevutwa.

"Mheshimiwa Spika," akasema kwa ile sauti ya kuagiza mbolea, "kwa kuwa nilipiga kura upande ulioshinda, naomba kura hii irudiwe, na naomba ombi langu likataliwe."

"Wanaokubali kura irudiwe?" Spika akauliza, macho yake yako kwenye karatasi inayofuata.

"Siyo!" likajibu Baraza lote, kama linavyojibu siku zote, maana kwa miaka mingi hakuna aliyesikiliza swali. Walilipaza hata wale arobaini na tano waliolitaka daraja. Na mimi, ambaye sikuwa mbunge na sikuwa na ruhusa ya kufungua mdomo, nilijikuta nimesema "Siyo" pamoja nao.

"Limekataliwa," Spika akasema. Nyundo.

Verlyn akakaa. Akachukua penseli. Kisha akaiweka chini taratibu.

"Profesa," akasema bila kugeuka.

"Mzee."

"Nimesema nini sasa hivi?"

Ukumbi ulichukua kama nusu dakika kuelewa. Kicheko kilianzia safu ya nyuma, kikashuka, kikafika kwa Charbonneau, ambaye aliinamia meza yake mabega yakimtetemeka. Nilipomtazama Spika, alikuwa anapekua kitabu cha kanuni kwa kasi ya mtu anayetafuta ufunguo wa nyumba inayoungua. Hakupata kitu. Kanuni ile Verlyn mwenyewe aliiandika upya mwaka wake wa tatu, ili isiwe na mwanya.

Tulipofika ofisini simu ilikuwa inalia. Ardis huangalia matangazo ya Baraza kila siku jikoni kwake, mwanzo mpaka mwisho, kama wenzake wanavyoangalia tamthilia. Verlyn akaiweka simu kwenye kipaza sauti ili aweze kuvua viatu.

"Verlyn."

"Ndiyo, dada."

"Nimeona vibaya, au umeliua?"

"Umeona vizuri."

"Na wewe mwenyewe ndiye uliyeomba wakukatalie?"

"Ndiyo."

"Kwa adabu kabisa. Ulianza na 'Mheshimiwa'."

"Dada, nilizoea tu..."

"Mimi pia nimezoea. Nimezoea kuvuka mto Jumatano na Jumapili. Sasa nikizidiwa, nizunguke maili sitini na mbili? Utakuja kunichukua na gari lako la mbegu? Maana hilo ndilo jambo pekee ulilowahi kuliweza, kuwasha gari."

"Nitatengeneza."

"Utatengeneza nini? Nimekusikia miaka kumi na minane ukiwaambia watu kanuni ni kanuni. Nilikuwa najivunia, mjinga mimi. Nilikuwa nawaambia kanisani, huyo ni mdogo wangu, hapindi. Yule msaidizi wako yupo?"

"Nipo, mama," nikasema.

"Wewe ndiye uliyemvuta koti. Nimeona kwenye kamera."

"Ndiye mimi."

"Lugha saba," Ardis akasema, na akakata.

Ilikuwepo njia moja. Baraza linaweza kusimamisha kanuni zake lenyewe kwa theluthi mbili ya kura, yaani sitini na tatu. Tatizo ni kwamba katika uongozi wake wote Verlyn hakuwahi kuruhusu jambo hilo, na watu walikuwa wamelia mbele yake. Kikao kilichotangulia, Denise Charbonneau alikuwa na mswada wa manesi wa kutembelea wazee majumbani. Ulianguka kwa kura moja kwa sababu mtu wake mmoja alibonyeza kitufe kisicho chake, na Verlyn akapiga msumari. Charbonneau akaomba kanuni zisimamishwe. Verlyn akasimama na kusema hapana, na watu wetu wote hamsini na sita wakamfuata. Manesi hawakupatikana. Sasa zile kura sitini na tatu hazingeweza kutimia bila watu wa Charbonneau.

Verlyn alishinda mchana kutwa ofisini akiangalia theluji.

"Nikienda kuomba," aliniambia, "nitakuwa nimewadanganya wote niliowakatalia."

"Usipoenda?"

"Nitakuwa mkweli, na Ardis atakuwa ng'ambo." Akavaa viatu tena. "Nimekaa miaka yote hii najidhania mtu wa msimamo. Kumbe sikuwa na kitu ninachokitaka."

Asubuhi iliyofuata wale wabunge wawili walikuwa wamerudi, wananuka zizi na wanataka kujua kwa nini kila mtu anawacheka. Verlyn akasimama bila mimi kumvuta. Nilikuwa nimekalia mikono yangu.

"Waheshimiwa," akasema, "jana nilifanya kitu ambacho mmekiona. Mke wangu amekiona, dada yangu amekiona, na nimeambiwa gazeti la Aldal limekiweka ukurasa wa kwanza, mahali ambapo huwa wanaweka bei ya ngano. Nilipiga kura dhidi ya daraja langu kwa makusudi, kisha nikaliua kwa bahati mbaya. Mnajua mimi ndiye niliyewafundisha kuhesabu. Wazazi wenye watoto, waambieni wasijifunze kwangu." Wakacheka. Akasubiri. "Naomba msimamishe kanuni. Nimewakatalia wengi jambo hilihili, na wengine wenu sababu zenu zilikuwa bora kuliko yangu. Sina hoja. Naomba tu."

Akakaa. Charbonneau akasimama.

"Mheshimiwa Spika, kabla ya kura, naomba katibu atusomee ukurasa wa mia tisa na kumi wa kumbukumbu za kikao kilichopita. Aya ya tatu."

Katibu, mtu mwenye sauti ya upole sana, alileta kitabu, akatafuta, akasoma: "Mheshimiwa Haugstad: Nimesikia habari ya wazee wale na imenigusa. Lakini tukisimamisha kanuni kwa kila anayetugusa, hatutakuwa na kanuni, tutakuwa na marafiki. Naomba ombi likataliwe."

Shingo ya Verlyn, niliyokaa nyuma yake miaka kumi na mmoja, ilikuwa nyekundu kuliko taa ya ubao.

"Asante, katibu," Charbonneau akasema. "Sasa, Haugstad, mwenzangu. Wewe na mimi ni marafiki?"

Verlyn akajikuna sikio. "Sidhani."

"Mimi pia sidhani. Kwa hiyo nikikupa kura hii haitakuwa urafiki, sivyo?"

"Haitakuwa."

"Basi nataka uijue hivyo. Ile siku nilirudi nyumbani nikamwosha miguu mzee wa miaka tisini na moja ambaye hakuwa na wa kumwosha, na nikakutukana kwa Kifaransa na Kiingereza. Leo nakupa kijani. Nataka uone haya nayo mpaka uzeeke."

"Nimekwisha kuzeeka, mama."

"Basi anza mara moja."

Akabonyeza. Watu wake walikuwa wanamwangalia yeye, si ubao; alipobonyeza, taa za upande wao ziliwaka safu kwa safu. Sabini. Kanuni zikasimamishwa, kura ikarudiwa, na daraja likapita kwa arobaini na nane kwa arobaini na sita. Charbonneau safari hiyo alipiga nyekundu. Hakuwa amewahi kusema analitaka daraja.

Baraza la juu liliupitisha mswada kwa majadiliano ya dakika nne, gavana akaweka sahihi, na idara ya barabara ikaondoa kibao chake cha tangazo la kufunga. Hadithi ya daraja inaishia hapo. Ya Verlyn haikuishia hapo.

Siku tatu baadaye mbunge mmoja wa upande wetu, ambaye mswada wake wa kuifanya pai ya tufaha kuwa chakula rasmi cha jimbo ulikuwa umeuawa mara tatu, alisimama na kuomba kanuni zisimamishwe. Verlyn akafungua mdomo kusema hapana. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Akaufunga. Pai ikafufuka. Kesho yake wakaja wawili, keshokutwa watano. Miswada thelathini na moja ilitoka makaburini mwaka ule, na kila mmoja ulijadiliwa upya, na kiongozi hakuwa na mdomo wa kumkatalia yeyote. Mmoja wao ulikuwa ule wa manesi. Ulipita kwa kura sitini, na Verlyn alipiga kijani mapema kuliko wote, akaondoa mkono wake kwenye vitufe na kuutia mfukoni. Tulimaliza siku ya themanini, dakika chache kabla ya muda wa kisheria kwisha, watu wamechoka na wamenuniana, na jimbo lina chakula rasmi.

Desemba, chama kilipokutana kuchagua viongozi, kilimchagua wakili kijana anayeitwa Kendra Bjerke, aliyeahidi kurudisha kanuni. Arobaini kwa kumi na sita. Verlyn akaomba matokeo yaandikwe kuwa ni ya kauli moja.

"Nawashukuru," akawaambia. "Kwa mara ya kwanza mmeniamulia jambo nikiwepo na nikiwa macho."

Mimi nilihamishiwa ofisi ya waandishi wa miswada, chini, karibu na mabomba ya joto, mahali ambapo hakuna koti la mtu la kuvuta. Kikao kipya kilipoanza nilikuwa napanda na makaratasi kuyagawa, na siku ya tisa nikamkuta Verlyn kwenye safu ya nyuma, kiti kilicho karibu na mlango wa choo, amevaa miwani, anasoma. Hakuwahi kusoma mswada. Hakuwa na haja. Alikuwa anajua nani anautaka na nani hautaki, na hilo lilimtosha.

"Profesa, kaa hapa kidogo," akaninong'oneza. "Huu ni wa mbegu. Mbegu nazijua. Kifungu cha nne kinasema nini?"

Nikakisoma. Nikakirudia. Kilikuwa na maneno sitini na hakuna nukta.

"Sijui, mzee."

"Nani ameuandika?"

Nikageuza karatasi kutazama herufi ndogo za pembeni ambazo mwandishi huweka. Zilikuwa zangu.

Verlyn akanitazama juu ya miwani, kisha akabonyeza kitufe cha kuomba kusema, kitufe ambacho ilibidi akitafute. Spika alichukua muda kuamini. "Mheshimiwa Haugstad?"

"Nina swali kwa mwenye mswada," akasema. "Kifungu cha nne. Mimi nimeuza mbegu miaka arobaini na sikielewi."

Mwenye mswada akainuka, akakisoma, akakirudia, akasema kwa kweli ni kifungu cha kufikirisha. Mswada ukarudishwa kwenye kamati. Kendra Bjerke, mbele kule, aliangalia saa yake na kuandika kitu kwenye karatasi ya majina, na nilijua ameweka alama ya kuuliza karibu na jina la Haugstad.

Wakati wa mapumziko simu ya Verlyn ikalia. Alikuwa anakula keki kwenye korido, akaniwekea nisikie.

"Nimekuona umesimama," Ardis akasema. "Umeua nini leo?"

"Sijaua, dada. Nimeuliza swali."

"Basi siku nyingine uliza kwa sauti. Nimevuka daraja nikaja kwako kuangalia, niko hapa jikoni na mkeo, na hatukusikia hata neno."